Mbegu za dume mmoja ndefu, za mwenzake fupi: ni tatizo?

Swali: Shikamoo dokta. Nasoma diploma ya uzalishaji wa mifugo. Kwenye praktiko tumeangalia manii ya ng'ombe dume wawili wa aina moja, mbegu za yule mkubwa zimeonekana fupi kuliko za mwenzake mdogo. Si ingekuwa kinyume? Na huyo wa mbegu fupi anafaa kweli kwa uhimilishaji, yaani kupandikiza jike manii bila dume kumpanda?

Jibu: Marahaba kijana wangu, na umefanya vizuri kuliona hilo maana wengi wakishaona mbegu zinatembea basi wanaandika safi wanafunga daftari. Mwili mkubwa haumaanishi mbegu kubwa, hilo litoe kichwani. Kuna ngisi wa Japani ambao madume wadogo, wale wanaovizia pembeni, ndo wana mbegu ndefu kuliko wakubwa, sababu mkubwa anaziweka ndani ya jike na mdogo anaziacha nje karibu na mdomo wa jike.

Ila mara nyingi tofauti ni ya kurithi tu. Waliolichimba hili ni watafiti wa zebra finchi, kandege ka Australia: kutoka dume mmoja hadi mwingine urefu wa mbegu unaanzia kama mikroni 40 mpaka 80 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), lakini za dume mmoja zinakaribiana sana. Mwaka 2017 timu mbili, ya Uingereza na ya Ujerumani, zikaonyesha sehemu kubwa ya tofauti hiyo inatoka kwenye kipande cha kromosomu Z, moja ya kromosomu za jinsia za ndege, kilichogeuka kichwa chini. Dume wa ndege ana Z mbili, na anayefanya vizuri zaidi ni yule ambaye Z zake hazifanani mpangilio, mbegu yake ina sehemu ya kati ndefu, ile yenye mitokondria zinazotoa nguvu, na inaogelea kwa kasi. Sasa huyo bingwa kila mtoto anampa Z moja tu, hawezi kumpa zote mbili, ndo maana tofauti hazikomi kizazi hata kizazi. Mimi napapenda sana hapo.

Turudi kwa dume wako. Mbegu ya ng'ombe ni kama mikroni 70 yote, kichwa peke yake kama 9, kwa hiyo usikisie kwa jicho, tumia ile rula ya ndani ya lenzi ya hadubini. Slaidi iwe ya vuguvugu jamani, ikiwa baridi mikia inajikunja na mbegu inaonekana fupi wakati si fupi, na nahisi inawezekana ndo kilichowapata. Paka rangi, hesabu mbegu 100. Zikiwa fupi zote kwa kulingana, vichwa viko sawa na mwendo upo, urefu peke yake usikufanye umkatae. Ukikuta mchanganyiko, kichwa kikubwa hapa kidogo pale, mkia umevunjika, hiyo ni kasoro, na zilizo nzima zikiwa chini ya 70 usimpitishe. Uliza pia kama aliugua homa, mbegu zinachukua kama miezi miwili kutengenezwa, kwa hiyo mpime tena baada ya hapo kabla hujamwondoa.