Usianze na kuulizia jezi

Wadogo zangu mnaojiunga msimu huu na timu yetu ya wanawake ya futiboli ya Marekani, kila mwaka hatukosi mmoja ambaye swali lake la kwanza ni namba zipi za jezi zimebaki. Mimi nilikuwa huyo. Nilitaka kushika mpira na kukimbia. Kocha akaniangalia mapaja, akanipanga mstari wa mbele, kwa wale wanaosukuma wapinzani ili mwenye mpira apate njia. Nikanuna wiki mbili.

Kilichoninyamazisha ni habari za Toledo Troopers, timu ya wanawake wa hapahapa jimboni Ohio. Toledo ni mji wa viwanda vya vioo na magari ya Jeep, wala hauingii kwenye orodha ya miji mikubwa ya Marekani. Lakini kati ya 1971 na 1979 timu hiyo ilishinda mechi 61, ikapoteza mechi 4 tu. Na chanzo chake kilikuwa mzaha! Sid Friedman, wakala wa wasanii wa Cleveland, alianza kuunda timu za wanawake miaka ya 1960 akijua watu watalipa kiingilio waje kucheka. Kocha wa Troopers, Bill Stout, hakuona cha kuchekesha. Aliwanoa kama angewanoa wanaume.

Anayekumbukwa zaidi ni mkimbiaji wao, yule anayepewa mpira akimbie nao, Linda Jefferson, aliyetajwa na jarida la womenSports kuwa mwanamichezo bora wa 1975. Misimu mitano mfululizo alivuka yadi 1,000 za kukimbia na mpira kila msimu. Sasa jiulize: hizo yadi alizipitia wapi? Kila alipopenya, kuna mwenzake aliyekuwa amemsukuma mtu pembeni, na huyo jina lake hulisikii.

Basi ukipangwa mbele, kunja magoti kidogo, makalio chini, uso juu. Hatua ya kwanza iwe fupi, kama urefu wa kiatu chako. Mikono ipite ndani, impige mpinzani kifuani, usimkumbatie, timu itaadhibiwa kwa kurudishwa nyuma yadi 10. Ukisimama wima umekwisha. Siku yangu ya pili mazoezini dada mmoja anayenifika begani aliniingia chini ya kinga ya mabega, nikajikuta natazama mawingu.

Kuhusu fedha, tusidanganyane. Troopers walikuwa wakipata kama dola 25 kwa mechi. Leo wengi wetu ndio tunaolipa ada, sare na mafuta ya gari. Kazi yako usiiache. Na ukiombwa kuuza tiketi au kubeba barafu, usione umedharauliwa. Troopers hawakuuawa na vipigo, waliishiwa fedha.

Jumanne tunaanza saa kumi na mbili jioni. Kinga ya meno ichemshe nyumbani, iache ipoe kidogo, uing'ate hadi ikae kwenye meno yako. Ukija nayo ngumu kama ilivyotoka dukani utashindwa kuongea, na mstari wa mbele unaishi kwa kuitana.