Kufunga kengele ya video palipokuwa na kengele ya zamani: anzia ndani, si mlangoni

Wengi wanaoanza kazi hii hukimbilia mlangoni. Wanafungua kitufe cha zamani, wanakuta nyaya mbili, wanaona kifaa kipya nacho kina skrubu mbili mgongoni, basi wanaunganisha. Taa inawaka, mwenye nyumba anafurahi. Siku chache baadaye simu zinaanza: picha inakatika usiku, au kengele ya ndani inanguruma bila mtu kubonyeza. Hapo watu hulaumu kifaa au intaneti, wakati shida iko ndani: kwenye transfoma, yaani kifaa kinachoshusha umeme wa nyumba uifae kengele, na kwenye kengele ya ndani yenyewe, ambavyo hakuna aliyevitazama.

Kitufe cha zamani hakitumii umeme. Ni swichi tu: ukikibonyeza nyaya mbili zinaungana, umeme unapita kwa sekunde moja au mbili, kengele inalia, kisha kila kitu kinatulia mpaka mgeni mwingine aje. Kengele ya video haitulii. Ina kamera, ina redio ya Wi-Fi, ina taa za infraredi za kuonea gizani, na vyote hivyo vinalishwa na nyaya zile zile mbili, saa 24. Umeme wake unapitia ndani ya kengele ya ndani, kidogo kidogo, kiasi ambacho hakitoshi kuigonga. Mgeni akibonyeza, ndipo kifaa kinaachia mkondo mkubwa upite na kengele inalia. Ukilielewa hilo, mambo mengi ya kazi hii utayatambua hata kabla hujashika bisibisi.

Kwa hiyo itafute transfoma kwanza. Huwa karibu na bodi ya umeme, darini, kabatini, au ndani ya kengele yenyewe. Soma kibandiko chake: kuna volti, na kuna VA, yaani volti mara ampea. Transfoma nyingi za zamani ni za volti 8 au 10, na zilitosha kabisa kwa kazi yake. Kengele nyingi za video za waya zinataka volti 16 hadi 24, na VA hutofautiana kwa kila aina, kwa hiyo fuata kijitabu cha kifaa ulichonacho mkononi, usifuate mazoea. Transfoma ya volti 16 yenye VA 10 inatoa kama ampea 0.6 tu. Kuna vifaa vitakavyoridhika nayo, na vingine vitaihitaji ya VA 30.

Multimita, kile chombo cha kupimia umeme, nayo inaweza kukupotosha. Ukipima nyaya zikiwa hazina mzigo, yaani hakuna kifaa kinachotumia umeme wake, utasoma namba nzuri, hata kuzidi iliyoandikwa kwenye kibandiko. Mzigo ukiingia, namba inashuka, na ikiwa waya ni mwembamba na umetoka mbali, inashuka zaidi. Pima tena kifaa kikiwa kinafanya kazi, na ukiweza iwe gizani, taa za infraredi zikiwa zimewaka. Programu za baadhi ya kengele huonyesha volti zinazoingia; zitazame hapo pia.

Sasa la usalama, na hili nakuomba ulishike. Ziko nyumba ambazo kitufe cha kengele kimefungwa moja kwa moja kwenye umeme wa nyumba, bila transfoma. Kwa nje ni kitufe kama vingine. Zima breka, rudi ubonyeze uhakikishe kengele imenyamaza, kisha pima kabla hujagusa waya wowote. Ukiwasha tena ili usome volti, weka multimita kwenye volti za mkondo geu, ile V yenye kiwimbi, na uanze na kipimo cha juu. Ukikuta 120 au 230, hapo si pa kengele ya video mpaka transfoma iwekwe. Hata kubadilisha transfoma ni kugusa umeme mkubwa upande mmoja. Kama huna leseni ya kazi hiyo, mwite fundi umeme mwenye nayo. Ukikuta nyaya nne au tano, huenda ni intakomu, yaani simu ya mlangoni, na huo ni mfumo mwingine kabisa. Usiunganishe kwa kubahatisha.

Kisha fungua mfuniko wa kengele ya ndani. Ya kimakanika ina koili, yaani waya uliozungushwa, na kijichuma kinachogonga vibao. Hii ndiyo inayonguruma, kwa sababu ule umeme mdogo unaopita unaitikisa koili. Watengenezaji wengi huweka kwenye boksi kifaa kidogo chenye nyaya mbili, kinachofungwa kwenye kengele ya ndani ili umeme wa kamera upate njia ya pembeni. Nimeona kikitupwa pamoja na makaratasi ya boksi mara nyingi, na inasikitisha, maana ndicho kingemaliza malalamiko ya kunguruma. Kengele za kielektroniki zina masharti yake: nyingine unazichagua kwenye programu, nyingine hazikubaliani na kifaa hata kidogo.

Mlangoni penyewe hapana mengi. Ukitoa kitufe, kunja ncha za nyaya au uzibandike ukutani kwa tepu papo hapo, zisirudi ndani ya tundu. Kwa mkondo geu wa transfoma, waya upi uende skrubu ipi si kitu. Kitufe cha zamani na skrubu zake mkabidhi mteja, hasa akiwa mpangaji. Kabla ya kutoboa, shika kifaa mahali pake, funga mlango, uone kama Wi-Fi inafika. Masafa ya 2.4 GHz hupenya kuta kuliko ya 5 GHz, lakini mlango wa chuma huyapunguza yote. Kimo cha kama sentimita 120 hufaa kwa nyuso na kwa mizigo iliyowekwa chini. Tundu la zamani likiwa pembeni sana, tumia kabari ya kugeuza kamera, la sivyo infraredi itapiga ukuta wa karibu na picha ya usiku itakuwa weupe mtupu. Silikoni paka juu na pembeni tu. Chini pabaki wazi ili maji yatoke.

Jambo la mwisho linawahusu majirani. Mwaka 2021, nchini Uingereza, mahakama ya kaunti ya Oxford iliamua dhidi ya mwenye nyumba aliyekuwa na kengele ya video na kamera, na jaji alikosoa hasa sauti, kwa kuwa vifaa viliweza kunasa mazungumzo mbali kuliko eneo ambalo picha ilifika. Kwa hiyo usimwachie mteja mipangilio ya kiwandani. Kaa naye, mzibe sehemu ya picha inayoonyesha mlango wa jirani, mpunguze eneo la kunasa mwendo liishie kwenye ngazi zake, na umwonyeshe mahali pa kuzimia sauti.