Viti vya kamati havitoshi, tuanze na daftari la wanachama

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la juma hili lilitaka kujua kama kuwatengea wanawake theluthi moja ya viti katika kamati za umwagiliaji kunatosha kuwapa sauti katika ugawaji wa maji mashambani. Jibu langu ni kwamba hakutoshi. Viti hivyo vina maana na nisingependa viondolewe, lakini anapewa mtu ambaye mara nyingi kanuni za umoja wa watumia maji bado hazimtambui kuwa mtumia maji.

Kwa kawaida umoja wa namna hiyo huandikisha kaya kwa jina moja, ambalo ni la mwenye hati ya shamba au la mkuu wa kaya. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa limekadiria kuwa wanawake hawafiki asilimia 15 ya wenye mashamba duniani, kwa hiyo si ajabu kwamba jina linaloandikwa ni la mwanamume. Yeye ndiye anayepiga kura na kupewa taarifa ya zamu ya maji, na lalamiko lake ndilo linalosikilizwa. Mkewe, ambaye hupandikiza, hupalilia na hufungua maji wakati mume yuko mbali akitafuta kibarua, hana nafasi katika daftari hilo, na akiibiwa maji hawezi kudai kwa jina lake. Mkutano wa kimataifa wa maji na mazingira uliofanyika Dublin, Ireland, Januari 1992 ulitamka wazi, katika kanuni yake ya tatu, kwamba mwanamke ana nafasi ya msingi katika kupata, kusimamia na kulinda maji. Tamko hilo limenukuliwa mara nyingi, lakini madaftari ya wanachama yamebadilika kidogo sana.

Wapo wanaodhani kuwa hasara ya jambo hili inamwangukia mwanamke peke yake. Mfano wa Chhattis Mauja, mfumo mkubwa wa mifereji uliojengwa na unaoendeshwa na wakulima wenyewe nchini Nepal, unaonyesha vingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulikuta kwamba wanawake karibu hawakushiriki kabisa katika chombo rasmi cha usimamizi; hata hivyo, wanawake wakuu wa kaya walioishi kijiji cha juu, karibu na chanzo, walipata maji yote waliyoyahitaji huku wakitoa nguvukazi ya kutunza mifereji iliyo pungufu ya ile waliyopaswa kutoa. Mimi siwalaumu. Mtu asiyeshirikishwa kutunga kanuni, na asiye na kura ya kuibadilisha, ana sababu gani ya kuitii pale ambapo mfereji unapita mlangoni kwake? Hasara hiyo iliwafikia wakulima wa chini, wanaume kwa wanawake. Elinor Ostrom, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009 kwa kazi yake juu ya rasilimali za pamoja, aliweka miongoni mwa misingi ya taasisi zinazodumu kwamba wanaoguswa na kanuni washiriki kuzirekebisha. Nadhani mhandisi yeyote anayehangaika na uchakavu wa mifereji angepaswa kuanzia hapo.

Hata hivyo, jina katika daftari peke yake linaweza kuwa kiini macho. Katika mradi wa mpunga wa Jahaly-Pacharr nchini Gambia, ulioanza mwaka 1984, mabonde ambayo wanawake walikuwa wakilima mpunga yaligeuzwa kuwa vitalu vya umwagiliaji. Wanawake waliandikishwa, lakini vitalu vikahesabiwa kuwa mashamba ya kaya, ambayo kwa desturi huwa chini ya mamlaka ya mwanamume. Kazi sasa ikawa ya misimu miwili kwa mwaka, na mavuno yakawa si yao. Baadhi yao walidai malipo, wengine wakaacha kufanya kazi hiyo. Huko Dakiri, Burkina Faso, vitalu viligawiwa wanaume na wanawake kila mmoja kwa nafsi yake, na utafiti uliotolewa mwaka 1997 ulionyesha kuwa tija ya ardhi na ya kazi ilikuwa kubwa zaidi katika kaya ambazo mume na mke wote walikuwa na vitalu. Tofauti kati ya miradi hii miwili ni nani aliyeshika mazao baada ya maji kufika shambani.

Ipo pia zamu ya usiku, ambayo kamati huiona kuwa jambo dogo. Mfereji usio na bwawa la kuhifadhia maji hutiririka saa zote, kwa hiyo lazima wengine wamwagilie gizani. Mwanamke anayeishi bila mwanamume nyumbani huhofia usalama wake njiani, huacha watoto peke yao, na mara nyingi huishia kumlipa mtu amfungulie maji au kuipoteza zamu kabisa. Ratiba inayozungusha saa za mchana na usiku kwa haki, na inayoruhusu wanachama kubadilishana zamu mbele ya mgawaji maji, haihitaji saruji wala fedha nyingi.

Pendekezo langu, basi, ni kwamba kila mtu mzima anayelima ndani ya skimu ya umwagiliaji aandikishwe kuwa mwanachama, awe na hati au asiwe nayo, na malipo ya mazao ya kitalu chake yapelekwe kwake mwenyewe. Atakayesema kuwa kaya yenye wanachama wawili itapata maji maradufu ajibiwe kwamba maji na ada vitaendelea kupimwa kwa ukubwa wa eneo linalolimwa, na ni kura tu itakayohesabiwa kwa kichwa.