Geti Lisilo na Mtu: Kulipia Barabara za Ulaya kwa Gari Lako Mwenyewe

Barua ilifika mwezi wa Februari, miezi sita baada ya sisi kurudi kutoka Italia. Ndani yake namba ya gari letu ilikuwa imeandikwa bila kosa, pamoja na tarehe, saa na dakika tuliyopita kwenye barabara moja kaskazini mwa Milano. Ada yenyewe ya barabara haikufika euro 5. Gharama za ufuatiliaji zilizorundikwa juu yake zilikuwa zaidi ya mara kumi ya hiyo ada. Mke wangu aliisoma mara mbili, akanitazama. "Baba Salma, si tulilipa kila mahali?"

Tulilipa kila mahali palipokuwa na kibanda. Pale hapakuwa na kibanda.

Kila likizo ya kiangazi ikikaribia, ndugu na marafiki tunaoishi nao hapa Uingereza hunipigia simu kuniuliza safari ile iligharimu kiasi gani, Leicester mpaka Torino na kurudi, watu wanne ndani ya gari. Huwa nawajibu kwamba bei si tatizo kubwa. Bei ya barabara utaijua ukiwa bado nyumbani kwako, uipangie bajeti kama mafuta. Kinachowaumiza watu ni namna ya kulipa, kwa sababu kila nchi ina utaratibu wake. Sisi tuliozoea Daraja la Nyerere pale Kigamboni tunajua tozo kuwa ni foleni, dirisha, mtu, chenji na risiti. Ulaya utaratibu huo unapungua mwaka hadi mwaka. Unapita chini ya nguzo zenye kamera kwa mwendo uleule uliokuwa nao, hakuna anayekusimamisha, na deni limeshaanza kuhesabu siku.

Mfano wa kwanza utakutana nao kabla hujatoka Uingereza. Ukitokea kwetu katikati ya nchi kwenda bandari ya Dover, barabara kuu ya M25 inayoizunguka London inakuvusha mto Thames pale Dartford. Vibanda viliondolewa Novemba 2014. Kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku gari dogo linalipa pauni 3.50, bei iliyopanda kutoka 2.50 Septemba 2025, na una muda hadi saa 6 usiku wa siku inayofuata kulipa kwa mtandao. Ukisahau, faini ni pauni 70, au 35 ukilipa ndani ya siku 14. Sisi tunaondoka Leicester saa 8 usiku, watoto wakiwa wamelala nyuma na mablanketi yao, tunavuka Dartford kabla hakujakucha. Saa hizo kuvuka ni bure.

Ukishuka Calais, barabara ya A26 inayokwenda Reims ni ya kulipia. Hapa Ufaransa bado wana mageti ya kawaida sehemu nyingi: unaingia, unachukua tiketi kwenye mashine, unaendesha kilomita zako, na kwenye geti la kutokea mashine inasoma tiketi na kukutajia deni. Rahisi kabisa, isipokuwa kwamba mashine iko kushoto na usukani wetu uko kulia.

Jambo hili nililisikia kabla, nikalidharau. Kwenye geti la kwanza mke wangu alishusha kioo, akanyoosha mkono, mkono haukufika. Nilikuwa nimesimama mbali na mashine, kwa sababu aliyekaa kulia hawezi kukadiria vizuri upande wa kushoto. Ikabidi afungue mlango, nao ukagonga ukingo wa zege. Alitoka ubavu, akachomoa tiketi, akarudi, na nyuma yetu foleni ilikuwa imeshaanza kupiga honi. Tangu hapo tulielewana: kabla ya kila geti napunguza mwendo mapema, yeye anatoa kichwa dirishani na kuniongoza, "sogea, sogea kidogo, hapo." Kama unasafiri peke yako na gari la usukani wa kulia, utashuka na kuzunguka gari kila geti. Usiku, mvua ikinyesha, ni kazi ya kuchosha.

Ndiyo maana safari ya pili tulinunua kifaa cha kubandika kwenye kioo cha mbele, karibu na kioo cha kuangalia nyuma. Kampuni za Ufaransa huwauzia hata watu wa Uingereza, na vipo vinavyofanya kazi mpaka Hispania, Ureno na Italia. Unaingia njia yenye herufi t ya rangi ya chungwa, geti linakusoma na kufunguka, benki inakatwa mwisho wa mwezi. Njia zilizoandikwa 30 unapita bila kusimama, kwa kilomita 30 kwa saa. Kuna ada ndogo ya kukitumia, na binafsi naona inastahili kila senti. Agiza wiki kadhaa kabla, maana kinakuja kwa posta.

Bila kifaa, fuata mshale wa kijani, ndiyo njia inayopokea malipo ya namna zote. Alama ya kadi ina maana ya kadi tu. Na hiyo tiketi itunze kama pasipoti. Ukiipoteza utahesabiwa kana kwamba umetoka geti la mbali kuliko yote kwenye mtandao ule wa barabara. Yetu ilipotea kilomita chache kabla ya geti la kutokea. Niliegesha eneo la kupumzikia, tukakung'uta mikeka, tukapekua mifuko, mpaka Salma akafungua kitabu chake cha kuchora na kuitoa: alikuwa ameifanya alama ya ukurasa. Sasa tiketi inakaa sehemu moja tu, imebanwa kwenye kikinga jua cha abiria, na hakuna anayeruhusiwa kuigusa.

Kama una keria juu, angalia kioo cha mashine kabla ya kulipa. Ufaransa gari lisilozidi mita 2 kwenda juu ni daraja la 1. Likizidi hapo linahesabiwa daraja la 2 na bei inapanda. Keria ya mizigo haistahili kukupandisha daraja, lakini vipimo vya mashine huwa vinaiona kama sehemu ya gari. Ilitutokea. Nilibonyeza kitufe cha msaada, nikasema kwa Kiingereza changu cha polepole kwamba ni mzigo wa juu tu, na bei ikarekebishwa palepale. Watu wengi hulipa na kupita kwa kuona aibu ya kuwachelewesha walio nyuma. Usione aibu, hiyo ni haki yako.

Sasa njoo kwenye barabara zisizo na geti. Ufaransa hiyohiyo, A79 imekuwa hivyo tangu 2022, na A13 na A14, njia ya kutoka Normandie kwenda Paris, zikafuata mwaka 2024. Anayeshukia meli Caen au Le Havre atakutana nazo mara moja. Una saa 72 tangu kupita. Unaingia kwenye tovuti ya barabara husika, unaandika namba ya gari, unalipa kwa kadi. Au unakwenda kwenye duka la magazeti na sigara linalopokea malipo ya namna hiyo, unalipa hata kwa taslimu. Mabango yapo njiani, yanaeleza yote, lakini yameandikwa Kifaransa, na wewe uko kwenye kilomita 130 kwa saa ukitafuta njia ya kutokea.

Kwenda Italia sisi tulipita handaki la Mont Blanc, kilomita 11.6 chini ya mlima, lililofunguliwa mwaka 1965. Tozo yake ni ya peke yake, juu ya zile ulizolipa njiani, na ni kubwa: zaidi ya euro 50 kwa gari dogo kwenda tu. Tiketi ya kwenda na kurudi ina nafuu kubwa, ila kurudi lazima kuwe ndani ya siku 7, kwa hiyo hesabu likizo yako kabla ya kufika dirishani. Hakikisha pia liko wazi, kwani limekuwa likifungwa kwa miezi ya vuli kwa ajili ya ukarabati. Ndani yake wanasisitiza uache mita 150 kati yako na gari la mbele. Mwaka 1999 lori liliwaka moto humo na watu 39 wakafa. Nilipoingia na watoto wangu nyuma sikuhitaji kukumbushwa mara mbili.

Italia nayo ina tiketi ya kuingia na geti la kutokea, na wanatofautisha njia kwa rangi. Bango jeupe lenye picha ya noti na sarafu ni la taslimu, la bluu ni la kadi, na la njano ni la wenye kifaa tu. Umeingia kwenye la njano kwa bahati mbaya? Usirudi nyuma. Kurudi nyuma kwenye geti Italia ni kosa kubwa, linaweza kukugharimu zaidi ya safari nzima, na unaweza kuua mtu. Bonyeza kitufe chekundu cha msaada, subiri. Vilevile kadi yako ikikataliwa, na hiyo hutokea sana kwa kadi za kigeni, mashine itakutolea karatasi yenye namba ya gari na kiasi unachodaiwa, geti litafunguka, na utakuwa na siku 15 za kulipa bila nyongeza. Karatasi hiyo usiitupe pamoja na maganda ya machungwa.

Barua yetu ilianzia karibu na hapo. Tukitoka upande wa Malpensa kwenda Como, ramani ya simu ilituchagulia njia fupi. Kaskazini mwa Milano kuna A36, A59 na A60, ambazo hazina geti hata moja. Kamera zinasoma namba, na una siku 15 kulipa kwa mtandao. Sisi tulikuwa tumeshalipa mageti matatu siku ile, na ilipokuja barabara safi, tupu, isiyotusimamisha, tukadhani ni ya bure. Hapo ndipo kosa letu lilipokuwa. Simu haikukosea njia, ila haikutuambia kwamba tumekopa.

Uswisi tulipita tukirudi, na huko wana utaratibu ninaoupenda kuliko wote. Hakuna kulipa kila kilomita. Unanunua stika wanayoiita vignette, faranga 40, inayokuruhusu kutumia barabara kuu kuanzia tarehe 1 Desemba ya mwaka uliotangulia hadi 31 Januari ya mwaka unaofuata, miezi 14. Haina ya siku chache, hata ukipita kwa saa nne tu bei ni ileile. Tangu Agosti 2023 unaweza kuinunua kwa mtandao, ikafungwa kwenye namba ya gari badala ya kioo. Handaki la Gotthard, karibu kilomita 17, limo ndani ya stika hiyo. Lile la Great St Bernard lina tozo yake. Ukikamatwa huna, faini ni faranga 200 na stika unanunua vilevile.

Stika hiyo inunue kwenye tovuti ya serikali yenyewe. Ukiitafuta kwa haraka, zinazotangulia juu mara nyingi ni za madalali wanaoongeza bei yao. Na ukiandika namba ya gari, soma herufi moja moja: sifuri na herufi O zinafanana, 1 na I zinafanana, na chagua nchi sahihi. Ukikosea, kamera haitajua kwamba ulilipa. Austria nao wana stika, ya siku 1, siku 10, miezi 2 au mwaka. Ile ya muda mrefu ukiinunua kwa mtandao, angalia kwanza inaanza kutumika tarehe gani, na usisubiri mpaka usiku wa kuamkia safari. Barabara ya Brenner kwenda Italia unailipia peke yake.

Anayetaka kubana matumizi arudi kupitia Ujerumani, Luxembourg na Ubelgiji. Ujerumani haitozi magari madogo. Ilitaka kuanza, Mahakama ya Ulaya ikaukataa mpango huo Juni 2019. Ubelgiji ni bure pia, ukiacha handaki la Liefkenshoek pale Antwerp, lakini ukiingia katikati ya Antwerp au Brussels gari la kigeni linatakiwa kusajiliwa kwanza kwa ajili ya kanda za hewa safi, yaani maeneo yanayozuia magari yanayochafua hewa. Hispania imeondoa tozo kwenye sehemu kubwa za barabara kuu za AP-7 na AP-2 tangu Septemba 2021, kwa hiyo usiamini kila ushauri wa zamani unaouona mtandaoni.

Siku hizi mke wangu anakaa na daftari dogo mapajani. Kila tukipita chini ya nguzo zenye kamera anaandika jina la barabara, tarehe na saa. Jioni tukishafika tulipopanga kulala, kabla ya kuoga, tunalipitia pamoja na kulipa zile za mtandao, na risiti tunazipiga picha. Inatuchukua dakika kumi.

Na ikikufikia barua kama yetu, usilipe kwenye akaunti iliyoandikwa humo kabla hujathibitisha, maana matapeli nao wanajua kuandika barua. Tafuta mwenyewe tovuti ya barabara iliyotajwa, ingiza namba ya gari lako na tarehe. Nilipofanya hivyo picha ilitokea: gari letu kwa nyuma, keria juu, baiskeli ya Salma imefungwa kwa kamba ya bluu niliyoikaza mimi mwenyewe asubuhi ile. Nililipa usiku uleule.