Uuguzi au maabara? Usilipe ada kabla ya kukihakiki chuo

Wa alaykum salaam mdogo wangu. Nimekufahamu: umemaliza kidato cha nne Wete, una C ya Baiolojia, D ya Kemia na D ya Fizikia, hujui uende uuguzi au maabara, na chuo kinakutaka ulipe nusu ya ada wiki hii.

Hilo la ada ndilo linalonitia wasiwasi. Usilipe bado! Ingia tovuti ya NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi na mafunzo ya stadi, uangalie kama chuo kimesajiliwa na kama kozi yenyewe imeidhinishwa, maana chuo chaweza kuwa na usajili na kozi moja isiwemo. Mwenzangu alikwama hapo baada ya miaka miwili, na pesa za karafuu za babake hazikurudi.

Kwa uuguzi waweza kuomba, almuradi umefaulu masomo manne yasiyo ya dini. Stashahada ni miaka 3, ngazi ya 4 hadi ya 6 katika mpangilio wa NACTVET. Waulize na SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, skuli yao ya afya iko Mbweni, Unguja.

Kuchagua, mimi muuguzi sikuchagulii. Omba ruhusa hospitali ya hapo Wete ukawaone wanavyofanya kazi. Uuguzi ni kukesha na kumuosha mgonjwa usiyemjua. Zamu zangu za mwanzo nililia.

Piga hesabu ya dahalia, sare na nauli ya boti pia. Na kiulize chuo: wahitimu wake wa uuguzi wanasajiliwa na Baraza la Wauguzi na Wakunga? Bila usajili huo huajiriwi. Wakikuzungusha, ondoka.