Je, skima inaweza kututungia data za majaribio?

SWALI: Habari za kazi, mhandisi. Mimi na wenzangu hapa Chumbageni, Tanga, tunajenga mfumo wa kuandikisha mauzo ya mnada kwa ajili ya wanunuzi wa soko la samaki la Deep Sea. Tunatumia lugha ya programu ya TypeScript, na kila taarifa inayoingia hukaguliwa kwanza na skima, yaani maelezo ya sura ambayo data lazima iwe nayo, tunayoiandika kwa maktaba ya msimbo iitwayo Zod. Data za majaribio tulikuwa tukiziandika kwa mkono, na kila skima ilipobadilika ilitubidi tupitie mafaili mengi kuzirekebisha. Tukaamua kuzizalisha moja kwa moja kutoka kwenye skima zilezile, lakini sasa jaribio lililopita asubuhi linaanguka jioni bila mtu kugusa chochote. Je, njia hii inafaa, na je, tunaweza kuacha kabisa kuandika mifano kwa mkono?

JIBU: Ndugu msomaji, njia hiyo inafaa, ila kuacha kabisa kuandika mifano kwa mkono hapana. Nianze na hilo la pili, kwa kuwa ndilo linalowaponyoka wengi.

Data iliyozaliwa na skima haiwezi kuishitaki skima hiyo. Tuseme skima yenu inataka jina la chombo liwe na herufi za a hadi z na nafasi tu. Kizalishi, yaani programu inayotunga data kutoka kwenye skima, kitatoa majina maelfu, yote yatatii sharti hilo, yote yatapita, na hamtajua kamwe kwamba mashua iitwayo Ng'ambo itakataliwa siku ya kwanza kwa sababu ya ritifaa iliyomo katika jina lake. Vivyo hivyo, ikiwa skima inalazimisha kila mzigo uwe na uzito wa kilo, hakuna data ya kubuniwa itakayowakumbusha kuwa dagaa huuzwa kwa ndoo. Mambo ya namna hiyo hupatikana sokoni, kwa kumuuliza dalali na kuangalia daftari lake, kisha yakaandikwa kwa mkono kama mifano michache ya kuipima skima yenyewe: hii lazima ikubaliwe, ile lazima ikataliwe.

Data za kuzalishwa zina kazi nyingine, nayo ni kuupima msimbo unaofuata baada ya skima, yaani hesabu, uhifadhi na ripoti. Hapo zina nguvu kuliko mkono wa mtu, kwa sababu mtu akiandika mfano huandika kilo 10 na bei ya shilingi 9,000, namba tulivu zisizosumbua hesabu yoyote. Kizalishi hakina adabu hiyo. Kitaleta mzigo wa kilo 0.1 na wa kilo 0.2, msimbo wenu ukiijumlisha kompyuta itawajibu 0.30000000000000004, ndipo mtakapoona afadhali uzito uhifadhiwe kwa gramu, namba nzima. Kitaleta pia chombo kilichotia nanga saa saba usiku tarehe 5. Saa ya Tanga iko mbele ya saa ya kimataifa ya UTC kwa saa tatu, kwa hiyo seva inayohesabu kwa UTC itaupeleka mzigo huo kwenye ripoti ya tarehe 4. Kwa soko linalopokea samaki waliovuliwa usiku, hitilafu hiyo ingewagombanisha na wateja mapema mno.

Sasa jaribio linalopita asubuhi na kuanguka jioni. Kizalishi huchagua thamani kwa nasibu, na nasibu ya kompyuta huanzia kwenye namba inayoitwa mbegu. Msipoiweka wenyewe, kila mara mnapata data tofauti. Iwekeni mbegu, au angalau hakikisheni inachapishwa kila jaribio linapoanguka, ili mweze kuirudia hali ileile. Wanaotumia Faker, maktaba ya kubuni data, wajihadhari na jambo moja zaidi: vitendo vyake vya tarehe, kama kile cha kuleta tarehe iliyopita, huhesabu kuanzia sasa hivi, hivyo mbegu peke yake haitoshi na ni lazima mweke pia tarehe ya marejeo. Tena, mkipandisha toleo la maktaba, mbegu ileile yaweza kutoa data nyingine, kwa hiyo jaribio lisiandikwe likitegemea kwamba mbegu fulani itatoa jina fulani.

Hata hivyo, kabla ya kuifunga mbegu, tazameni kwanza kilichoangusha jaribio. Huenda ni hitilafu ya kweli, na kuifunga mbegu kungeificha tu. Kusaka hitilafu kwa data za nasibu si wazo jipya: Koen Claessen na John Hughes walilieleza mwaka 2000 walipoandika kuhusu QuickCheck, chombo cha lugha ya Haskell, na leo fast-check kwa TypeScript na Hypothesis kwa Python hufuata mkondo huohuo. Kwa kawaida kila kimoja hujaribu mifano 100, na kikipata mfano unaoangusha huupunguza hadi uwe mdogo kabisa. Mfano huo mdogo uhamishieni kwenye orodha yenu ya mkono, ubaki humo.

Panapowatesa wengi ni masharti yanayounganisha sehemu mbili. Katika Zod, masharti hayo huwekwa kwa refine, na ndani ya refine mna msimbo wa kawaida ambao kizalishi hakiwezi kuusoma. Toleo la 4 la Zod linaweza kuigeuza skima kuwa JSON Schema, muundo wa maelezo ya data ambao programu nyingine huweza kuusoma, lakini masharti ya refine hayavuki huko. Matokeo yake ni rekodi ambayo muda wa kuuza unatangulia muda wa kutia nanga. Wengine huzalisha ovyo kisha hutupa zisizofaa. Kwa nyakati mbili hilo linavumilika, maana karibu nusu zitapona, lakini kwa sharti kwamba jumla iwe sawa na uzito mara bei, mtatupa takriban zote na jaribio litakwama. Njia nzuri ni kuijenga rekodi kwa mpangilio: zalisheni uzito na bei, kisha jumla ikokotolewe, zalisheni muda wa kutia nanga na idadi ya dakika, kisha muda wa kuuza upatikane kwa kuzijumlisha. Masharti mepesi, kama kiwango cha chini na cha juu, yaandikeni kwenye skima yenyewe, nje ya refine, ili kizalishi kiyaone.

Mtashawishika kunakili data halisi za wanunuzi ili kuepuka usumbufu huu. Msifanye hivyo, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahusu majina na namba zao za simu pia. Wala namba za kubuni si salama kikamilifu: +255 ikifuatwa na tarakimu tisa za nasibu zinazoanza na 6 au 7 yaweza kuwa simu ya mtu aliyelala zake Muheza. Mfumo wenu ukiwa unatuma ujumbe wa malipo, kiungo cha kutuma kibadilishwe wakati wa majaribio kwa kingine kinachoandika ujumbe kwenye faili tu, na jambo hilo lifanyike kabla ya kuwasha kizalishi kwa mara nyingine.