Usimpe mtu shahada asiyoisomea

Mwaka wangu wa kwanza wa kutafsiri vyeti hapa Madrid, dada mmoja aliniletea cheti chake. Alikuwa anaomba kazi ya kutunza wazee Ireland. Juu ya karatasi, kwa herufi kubwa, paliandikwa "Título de Bachiller". Nikaandika kwa Kiingereza "Bachelor's Degree", nikagonga mhuri, nikapokea ujira wangu. Wiki tatu baadaye akanipigia simu analia. Waajiri walitazama tarehe yake ya kuzaliwa, wakaona binti aliyepata shahada ya chuo kikuu akiwa na miaka 18, wakamwona mwongo. Yeye hakusema uongo wowote. Uongo niliuandika mimi, kwa jina lake.

Niliandika tafsiri upya bila kumtoza hata senti, nikaambatanisha barua ya kueleza kwamba kosa ni la mtafsiri. Lakini tangu siku hiyo sijawahi kuliona neno la ngazi ya elimu nikaliandika bila kusimama kwanza.

Bachillerato ya Uhispania, ambayo mhitimu wake ndiye Bachiller, ni miaka miwili ya mwisho ya sekondari, kuanzia umri wa miaka 16 hadi 18, baada ya miaka minne ya ESO, yaani sekondari ya lazima. Kwetu Tanzania ingekaa karibu na kidato cha tano na cha sita. Uzito wa jambo hili utauhisi ukigeuza mambo: chukua cheti cha kidato cha nne, mpe mtu akiandike kwa Kihispania "cuarto grado". Amekurudisha darasa la nne! Kila neno liko mahali pake, ila miaka yako yote ya sekondari imefutika.

Kosa la kwanza lilinitia woga, na woga ukanizalia la pili. Akaja mhasibu kutoka Lima na karatasi yenye "Bachiller en Contabilidad". Mimi tayari nimeapa kwamba bachiller ni sekondari, nikaandika cheti cha sekondari. Kumbe Peru bachiller ni shahada ya kwanza ya chuo kikuu, na juu yake ndipo huja título profesional, yaani kibali cha kujiita mhasibu, mhandisi au mwanasheria. Nilimvua mtu shahada aliyoisotea miaka mitano. Bahati njema aliisoma kabla ya kuituma. Na laiti ningetazama tu ni nani aliyetoa cheti, jina la chuo kikuu lilikuwa pale juu, limejaa ukurasa.

Kwa hiyo swali langu la kwanza siku zote ni nchi. La pili ni mwaka, na hapa ndipo watafsiri wengi hujikwaa hata kama Kihispania wanakijua vizuri. Uhispania imebadilisha mfumo wake zaidi ya mara moja. Chini ya sheria ya 1970, mtoto alisoma EGB, yaani elimu ya msingi, miaka minane mpaka umri wa miaka 14, akapewa cheti cha Graduado Escolar. Kisha BUP, yaani sekondari, miaka mitatu, kisha COU mwaka mmoja wa kujiandaa na chuo. Sheria ya 1990, ile wanayoiita LOGSE, ndiyo iliyoleta ESO na Bachillerato ya sasa. Basi "Bachiller" wa 1985 alimaliza BUP akiwa na miaka 17, na COU bado ilikuwa mbele yake. "Bachiller" wa 2005 amemaliza sekondari yote. Jina ni hilohilo. Na huyo Graduado Escolar, tafadhali, usimwite "graduate". Alikuwa na miaka 14.

Neno linaloniuma kuliko yote ni diplomatura. Wauguzi wengi wa Uhispania waliosoma kabla ya mfumo wa Bologna, ule wa pamoja wa digrii za Ulaya, kuingia wana cheti cha "Diplomado Universitario en Enfermería", miaka mitatu ya chuo kikuu. Ukiandika "Diploma in Nursing", msomaji wa Kiingereza anaelewa kile ambacho sisi tunakiita stashahada, ngazi iliyo chini ya shahada. Mshahara unashuka, pengine hata nafasi inapotea. Lakini hiyo ilikuwa digrii ya chuo kikuu, na kwa utaratibu uliowekwa na serikali mwaka 2014, diplomatura hiyo inahesabiwa ngazi moja na Grado ya sasa ya miaka minne. Mimi huacha jina la Kihispania kama lilivyo, kisha naeleza kwa Kiingereza chepesi: digrii ya kwanza ya chuo kikuu, miaka mitatu. Halafu namwambia mteja aingie kwenye tovuti ya wizara inayohusika na vyuo vikuu, achukue hati ya ulinganifu wa cheti chake, aiweke pamoja na tafsiri.

Grado nayo iangalie vizuri. Peke yake ni shahada ya kwanza ya chuo kikuu. Ikiwa "grado medio" au "grado superior" ni mafunzo ya ufundi, na mhitimu anaitwa Técnico au Técnico Superior. Ukivuka bahari kwenda Kolombia, "tercer grado" ni darasa la tatu. Colegio si "college", ni shule ya watoto. Instituto huko Uhispania kwa kawaida ni sekondari ya serikali.

Alama usizigeuze kamwe kuwa A, B na C. Uhispania wanahesabu hadi 10 na kufaulu ni 5, Peru hadi 20, Chile kuanzia 1 hadi 7 na kufaulu ni 4. Mwanafunzi wa Chile mwenye 6 amefanya vizuri sana. Mpeleke kwa msomaji anayedhani ni 6 ya 10 na umemharibia. Andika alama ilivyo, na pembeni kipimo chake. "Matrícula de honor" niliwahi kuiona imetafsiriwa kama usajili wa heshima. Ni alama ya juu kabisa, juu ya sobresaliente (bora sana), na jina lake linatokana na nafuu ya ada ya usajili ambayo mwanafunzi hupewa mwaka unaofuata.

Kusema cheti fulani ni sawa na kipi Uingereza ni kazi ya UK ENIC, taasisi ya Uingereza ya kulinganisha vyeti vya nje, na wenzao. Mtafsiri akiandika "A-levels" amempa mtu mitihani ambayo hakuifanya. Yule dada, karatasi yake ya pili ilisomeka hivi: "Título de Bachiller", na chini yake, kwa maandishi madogo, cheti cha kumaliza sekondari ya juu, Uhispania, kwa kawaida umri wa miaka 18.